Boksi dogo na boksi refu: laki tatu kwa kompyuta ya zamani icheze gemu

Kompyuta zilikuwa mbili na ziliingia nyumbani kwangu ndani ya wiki moja. Ya kwanza aliileta mpwa wangu kwa bodaboda kutoka Nkuhungu, ameipakata kama mtoto anayepelekwa kliniki: Dell OptiPlex 7010, lile boksi dogo la kulalia chini ya monita, aina inayouzwa kwa fungu ofisi zinapobadilisha vifaa. Ya pili ni ya Baba Joyce, jirani yangu hapa Ipagala. Nayo ni OptiPlex 7010, ila yake ni boksi refu la kusimama. Ukizifungua ni mtu na pacha wake: prosesa Core i5-3470 iliyotoka mwaka 2012, RAM GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500, na vumbi letu la Dodoma lililoganda kwenye feni mpaka limekuwa kama sufi.

Mpwa wangu anataka GTA V na PES 2021. Baba Joyce anasema kompyuta ni ya watoto, lakini nimeshamkuta mwenyewe saa nne usiku anahangaika na Need for Speed. Kila mmoja alikuwa na laki tatu, na wote waliniuliza waanze na nini. Mwishowe walinunua vitu tofauti, na kilichowatenganisha hakikuwa gemu wala prosesa. Kilikuwa boksi lenyewe.

Bei nitakazotaja ni zile nilizotajiwa mimi, nyingine hapa mjini na nyingine Kariakoo, kwa vifaa vingi vya mtumba. Ukienda na uso wa haraka utatajiwa nyingine.

Kustaki kwa aina mbili

"Mjomba, dukani wameniambia niweke SSD tu, GTA itapiga."

"Itafunguka haraka. Kupiga ni habari nyingine."

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu watu tuna neno moja, "inastaki", kwa magonjwa mawili. La kwanza ni kompyuta kuwaka dakika nne, folda kufunguka kwa kusuasua, gemu kukaa kwenye picha ya kusubiri mpaka unakwenda kuteka maji na kurudi. Huo ni ugonjwa wa diski na RAM. La pili ni gemu limeshafunguka lakini gari linakwenda kwa kurukaruka kama picha za ukutani zinazobadilishwa moja moja. Huo ni ugonjwa wa grafiksi, yaani sehemu inayochora picha, na SSD, zile diski zisizozunguka, hata ziwe kumi haziutibu.

Ukitaka kujua wako ni upi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati imekwama, ifunguke Task Manager, uangalie safu ya diski (Disk). Ukisoma 100% huku hujafanya lolote la maana, diski imekuelemea. Ikiwa diski imetulia na gemu bado linarukaruka, usimlaumu asiyehusika.

Kompyuta zote mbili zilikuwa na magonjwa yote mawili. Ile i5-3470 ina grafiksi za ndani zinazoitwa HD 2500, ambazo ziliwekwa zikuonyeshe Excel na barua za ofisi. San Andreas ya mwaka 2005 zinaibeba bila taabu. GTA V zinaifungua, kisha unajuta.

SSD na RAM: raha ya kila siku, si kasi ya gemu

Hapa boksi dogo na boksi refu ni sawa, kwa hiyo sitakaa sana. SSD ya GB 240 nilitajiwa 55,000. Diski ya kuzunguka yenye afya husoma kama MB 100 hadi 150 kwa sekunde, SSD ya waya wa SATA hufika karibu 550, na kwenye mafaili madogomadogo yaliyotawanyika pengo ni kubwa zaidi ya hapo. OptiPlex 7010 haina ile sloti ya SSD nyembamba kama ubani wa bapa, basi usinunue aina hiyo hata ukipewa kwa bei nzuri. Chukua ya inchi 2.5.

RAM ya kompyuta hizi ni DDR3, ile ndefu ya desktop, si fupi ya laptop. Zina GB 4 kwenye kijiti kimoja. Ongeza kijiti kingine cha GB 4, mtumba nilitajiwa 15,000. Viwe viwili, na uvipachike kwenye sloti za rangi moja, kwa sababu prosesa huvisoma vyote kwa pamoja na njia ya data inapanuka mara mbili. GB 8 zinatosha kwa magemu tunayoyazungumzia. Anayekusukuma ununue 16 kabla ya kadi ya grafiksi anasafisha stoo yake.

Kuna jambo moja la nafasi. Steam, duka la magemu la mtandaoni, inaiwekea GTA V hitaji la GB 120. Ukishapiga Windows kwenye SSD ya 240 na kuiweka GTA humo, umebaki na kona. Kwa hiyo ile diski ya zamani usiitupe, iache ndani ibebe sinema, muziki na magemu mepesi.

Kama lengo lako ni San Andreas, PES 2013 na kazi za shule, ishia hapa. Elfu sabini imekutosha, nyingine kanunue mchele.

Kadi: hapa ndipo mapacha wanapoachana

Kabla ya jina la kadi, chukua rula. Nasema hivi kwa uchungu. Miaka kadhaa nyuma niliagiza GTX 1050 Ti kutoka Dar, ikaja kwa parseli ya basi. Nikaenda kuipokea stendi nimechangamka, nikarudi nyumbani nikafungua boksi dogo kama hili la mpwa wangu, nikainamisha kadi juu ya sloti, na kile kibati chake cha mwisho kikabaki kimesimama nje kama shingo ya twiga. Kibati cha kadi ya kawaida kina urefu wa sentimita 12. Boksi dogo linapokea kibati cha sentimita 8 tu. Muuzaji hakuwa na kosa, mimi sikumwambia boksi langu ni lipi na yeye hakuwa mganga.

Kadi za boksi dogo huitwa "low profile", na ukimtajia muuzaji maneno hayohayo ataelewa. Lakini si urefu peke yake. Zipo kadi fupi zenye unene wa sloti mbili kwa ajili ya feni, na katika baadhi ya maboksi haya sloti ndefu imebanana na pawa saplai kiasi kwamba unene huo hauna pa kwenda. Fungua ubavu, pima nafasi, piga picha, mtumie muuzaji kwa WhatsApp.

Baada ya urefu ni umeme. Boksi dogo la 7010 lina pawa saplai ya wati 240, refu lina wati 275. Watu husikia namba hizo wakatishika, lakini hesabu yenyewe haitishi. Prosesa ya i5-3470 imepangiwa wati 77. Sloti ya kadi hutoa wati 75 kwa ukomo. Weka diski, feni na vikorokoro vingine, bado hujafika 200. Kinachokukwamisha ni waya. Pawa saplai hizi hazina ule waya wa pini sita au nane unaodaiwa na kadi kubwa kama GTX 960 au RX 570. Atakuja mtu akuuzie adapta ya kuvuta umeme kutoka kwenye waya wa SATA. Plagi ile ya SATA imepimwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54, wakati plagi ya pini sita inaruhusiwa kuvuta 75. Plastiki ikianza kunukia, ujue ni hesabu hiyo.

Basi kwa kompyuta zote mbili sheria ni moja: kadi isiyohitaji waya wa ziada. Ndani ya sheria hiyo, boksi refu lina uwanja mpana na dogo lina uchochoro.

Kwa boksi refu la Baba Joyce niliweka mezani kadi mbili. GTX 750 Ti ya mwaka 2014, GB 2, wati 60, na GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, GB 4, wati 75. Ya kwanza ni rahisi na inatosha kwa magemu yaliyotoka miaka kumi au zaidi iliyopita ukipunguza urembo kidogo. Ya pili nilitajiwa 210,000, na zile GB 4 ndizo zinazoipa pumzi: magari, miti na majengo ya GTA V yanajaza GB 2 haraka, na zikishajaa ule mrukoruko unarudi. Baba Joyce alichukua 1050 Ti. Kwenye Full HD GTA V inakwenda kwa ulaini ambao hata aliyezoea kuchezea PlayStation vibandani hatalalamika, ila mjini penye watu na magari mengi prosesa ndiyo inayoanza kuhema, si kadi.

Kwa boksi dogo, 1050 Ti za low profile zipo, MSI na Gigabyte walizitengeneza, lakini zinatafutwa na kila mwenye boksi dogo na bei yake inajua hivyo. Niliyotajiwa ilikuwa ghali kuliko kompyuta yenyewe. Ikabaki GT 1030, kadi nyembamba, wati 30, nyingine hazina hata feni. Hapa naomba usome polepole, maana GT 1030 ni kadi mbili kwenye kanga moja. Ya mwaka 2017 ina memori ya GDDR5 inayopitisha GB 48 kwa sekunde. Ya mwaka 2018 ina memori ya DDR4 inayopitisha GB 16.8. Jina mbele ya boksi ni lilelile, GB 2 ni zilezile, lakini ukicheza gemu, ile ya DDR4 hutoa karibu nusu ya fremu (picha kwa sekunde) za mwenzake. Muuzaji mmoja aliniambia "zote 1030, boss." Nikageuza boksi, herufi ndogo chini ya msimbo: DDR4. Nikamrudishia kwa adabu. Ya GDDR5 tuliipata kwa 130,000.

Ukiweka kadi hizo bega kwa bega, 1050 Ti inaiacha GT 1030 mbali, hilo sitalificha. Mpwa wangu anacheza GTA V kwa urembo wa chini na wa kati, vivuli ameviua, na PES inakwenda bila tatizo. Lakini amekaa kwenye boksi lake bila kukata bati, na nimewahi kuona kijana amekata bati la boksi dogo kwa msumeno ili kadi ndefu ichungulie nje. Kwa vumbi la mwezi wa nane hapa kwetu, hiyo si kompyuta tena, ni chekeche.

RX 6400 ya mwaka 2022 pia ni fupi na haihitaji waya, lakini imejengwa itumie njia nne tu za sloti, na kwenye mazabodi za zamani njia hizo ni za kasi ndogo, hivyo unalipia nguvu ambayo hutaiona yote. Kubadilisha prosesa kwenda i7-3770? Inaingia, ndiyo. Kwa gemu jepesi hutaona thamani ya pesa kabla ya kuweka kadi.

Kadi bandia na monita ya zamani

Haya mawili yanakwenda pamoja kwa njia ya ajabu. Kuna kadi za zamani sana zilizoandikwa upya programu yake ya ndani zijitambulishe kama 1050 Ti. Windows inaamini, wewe unaamini, gemu halidanganyiki. Njia ya haraka ya kumkamata mwongo ni kutazama matundu ya nyuma: chipu za 1050 Ti na GT 1030 hazitoi kabisa mawimbi ya VGA, lile tundu la bluu la skrubu mbili. Ukiona "1050 Ti" yenye tundu la VGA, shuku kwanza, uliza baadaye. Kisha omba ipachikwe palepale, mfungue GPU-Z, programu ya bure ambayo inaitambua kadi bandia na kuiandika hivyo waziwazi.

Sasa upande wa pili wa jambo hilo. Monita nyingi zinazouzwa na kompyuta hizi zina VGA tu. Kadi halisi haina VGA. Kwa hiyo bajeti iwe na adapta ya kutoka HDMI kwenda VGA, mimi niliinunua 10,000. Vijiadapta vya DVI vya elfu mbili visivyo na saketi ndani havifanyi kazi kwenye kadi hizi, havichomeki hata kuchomeka. Hapo 750 Ti ina heri yake, kwa kuwa kizazi chake bado kilitoa VGA. Na ukishapachika kadi, waya wa monita uuchomeke kwenye kadi. Baba Joyce aliuacha kwenye tundu la zamani la mazabodi, akanipigia simu saa tano usiku kwamba kadi imekufa.

Au uuze ununue nyingine

Hii ndiyo njia ya tatu, na kwa mwenye boksi dogo ilistahili kufikiriwa. Kuna maboksi madogo ya ofisi yenye prosesa za AMD Ryzen zinazobeba grafiksi za maana ndani yake, kwa mfano HP EliteDesk 705 G4 yenye Ryzen 5 2400G. Grafiksi zake za Vega 11, zikipewa vijiti viwili vya RAM, zinatembea sambamba na GT 1030 ya GDDR5 bila kununua kadi yoyote. Kikiwa kijiti kimoja cha RAM zinadhoofika vibaya, nawe utadhani umetapeliwa.

Wanaoisifu njia hii huongeza kwamba unapata Windows 11. Angalia vizuri. Microsoft walifunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel kuanzia kizazi cha nane na moduli ya usalama ya TPM 2.0. Ile 2400G, pamoja na uzuri wake, haimo kwenye orodha yao, 3400G imo. Kwa anayecheza GTA V na PES akiwa peke yake nyumbani hili ni dogo. Kwa anayetaka Valorant ni kubwa, maana kwenye Windows 11 gemu hiyo inadai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa kompyuta inapowaka), na 7010 zetu hazina TPM hiyo. Na kama kompyuta hiyohiyo inaingia benki na kwenye barua pepe za kazi, usiidharau habari ya usalama.

Mpwa wangu alipouliza, boksi lake la zamani liliahidiwa bei ya kutupa, na ya Ryzen ilitaka aongeze zaidi ya laki tatu zake. Ikaishia hapo. Angekuwa na laki tano, ningemwambia auze.

Kabla ya kuwasha

Ubovu mwingine hauhitaji duka. Toa kompyuta nje, shika panga la feni kwa kidole lisizunguke, puliza kwa blowa. Chini ya feni ya prosesa ile pesti ya kupitisha joto imekauka kama ugali wa jana. Ifute, weka mpya kiasi cha punje ya harage. Betri ya saa, CR2032, ibadilishe kama kompyuta inasahau tarehe kila ukichomoa. Hewa yetu ya kiangazi ni kavu, na ukavu ndio unaolea ule umeme unaokuchoma ukivua sweta, kwa hiyo gusa bati la boksi kabla ya kushika RAM au kadi.

Walio kundi la D1 la LUKU, la watumiaji wadogo wa umeme, wapige hesabu nyingine. Kompyuta ya wati 150 kwa saa tatu kila siku inakula kama uniti 13.5 kwa mwezi. Kama nyumba yako inaelea jirani na ukomo wa kundi hilo wa uniti 75 kwa mwezi, gemu ndilo litakalokusukuma ng'ambo.

Hesabu za mwisho: Baba Joyce alitumia 55,000 kwa SSD, 15,000 kwa RAM, 210,000 kwa 1050 Ti na 10,000 kwa adapta. Akabaki na elfu kumi, akanunua soda za watoto. Mpwa wangu, kwa GT 1030 yake, alitumia 210,000 na akabaki na elfu tisini. Nilimwambia atafute UPS ya mtumba yenye betri jipya, imshikilie umeme ukikatika. Akanunua pedi mbili za kuchezea gemu na headphone. Jumamosi iliyofuata umeme ulikatika wakiwa dakika ya themanini na tisa, yeye akiongoza bao moja, na mpaka leo rafiki yake anasema mechi ile ilikuwa sare.